Mambo ya Zamani ya Mgombea na Haki ya Mpiga Kura Kujua

Barua ya wazi kwa Mwenyekiti na Makamishna wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC)

Nakala kwa: Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC); Msajili wa Vyama vya Siasa; Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya

Anayeomba kura huomba kukabidhiwa mali, sheria na usalama wa watu wengine. Kwa sababu hiyo Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 73, inayataja madaraka ya kiongozi kuwa ni amana ya umma. Mtu hapewi amana bila kuulizwa alizifanyia nini amana za awali. Hata hivyo, Kifungu cha 31 cha Katiba hiyo hiyo kinamhakikishia kila mtu faragha yake, na mwanasiasa hakuondolewa humo. Kati ya vifungu hivyo viwili pana eneo ambalo mipaka yake haijachorwa vizuri, na kila msimu wa uchaguzi eneo hilo hujaa uvumi, matusi na kesi za dakika za mwisho. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na utaratibu wa kuwapiga msasa wagombea unapaswa kujulikana kabla majina yao hayajajulikana. Ukitungwa baadaye, kila kipengele chake kitaonekana kimemlenga mtu fulani.

Sheria inavyosema

Sura ya Sita ya Katiba, yaani Vifungu vya 73 hadi 80, ndiyo iliyoufanya uadilifu kuwa sharti la uongozi nchini Kenya. Kifungu cha 75 kinamtaka afisa wa serikali awe na mwenendo unaofaa ofisini, katika maisha yake ya faragha na katika mahusiano yake na wengine, asije akaivunjia heshima ofisi aliyopewa. Anayefutwa kazi kwa kukiuka masharti yaliyotajwa humo hawezi kushika wadhifa mwingine wa serikali.

Kifungu cha 99 kinaorodhesha wasioruhusiwa kugombea ubunge. Miongoni mwao ni mtu aliyetangazwa kufilisika na hajaondolewa hali hiyo, aliye chini ya hukumu ya kifungo cha miezi sita au zaidi siku ya uchaguzi, na aliyethibitishwa kisheria kwamba alitumia vibaya ofisi ya umma au alikiuka Sura ya Sita. Kifungu cha 193 kina masharti kama hayo kwa wawakilishi wadi, na wanaowania ugavana hupimwa kwa masharti hayo hayo. Lakini vifungu hivyo vinaongeza jambo moja zito: hakuna anayezuiwa mpaka njia zote za rufaa na mapitio ziwe zimekwisha.

Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 ilikuja kuipa Sura ya Sita miguu ya kutembelea. Kwa sheria hiyo, anayewania kiti hujaza fomu ya kutangaza uadilifu wake na kuiwasilisha kwa Tume. Fomu inamuuliza kama amewahi kukosa uaminifu katika shughuli za umma, kutumia vibaya ofisi, kufuja rasilimali, kupotosha umma kwa taarifa za uongo, kughushi rekodi, kumbagua mtu, au kufungwa miezi sita na zaidi. Maswali ni mazuri na yamegusa kiini. Udhaifu uko kwa anayeyajibu, ambaye ni mgombea mwenyewe, na katika mahali majibu yanapoishia, ambapo ni kwenye faili ambayo mpiga kura wa Lodwar au Likoni haioni.

Utaratibu huo unafaa kulinganishwa na ule anaopitia mwananchi wa kawaida anayetafuta kazi. Kijana anayeomba kuwa mlinzi au dereva hutakiwa kuleta cheti cha tabia njema. Hulipa shilingi 1,050, huchapisha fomu yenye masanduku ya vidole kumi, kisha hupanga foleni katika kituo cha Huduma. Afisa humshika kidole kimoja baada ya kingine, akakipaka wino mweusi na kukibingirisha juu ya karatasi, halafu alama hizo hupelekwa Idara ya Upelelezi wa Jinai zikalinganishwe na kumbukumbu za polisi. Mwajiri hatosheki na neno la kijana huyo. Maafisa wa polisi wenyewe, walipoanza kupigwa msasa na Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi mwishoni mwa 2013, walikutana na ukaguzi mkali zaidi, na baadaye askari wa trafiki waliitwa kueleza fedha zilizoingia na kutoka katika akaunti zao za M-Pesa. Anayeomba kusimamia mabilioni ya shilingi ya kaunti, kwa upande wake, kipimo chake kikuu ni tamko alilojiandikia.

Sura ya Sita ilivyotumika

Kesi kubwa ya kwanza ilihusu uteuzi. Mwaka 2012 uteuzi wa Mumo Matemu kuwa mwenyekiti wa EACC ulipingwa mahakamani. Tarehe 20 Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliubatilisha, ikisema kwamba mtu anaweza kushindwa mtihani wa uadilifu hata kabla ya kupatikana na hatia, iwapo zipo tuhuma nzito zenye mashiko ambazo zimeacha maswali yasiyojibiwa kuhusu mwenendo wake. Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo mwaka 2013, naye Matemu akaapishwa. Kesi hiyo iliacha swali ambalo linarudi kila uchaguzi: je, uadilifu ni kutokuwa na hatia tu, au ni jambo linalozidi hapo?

Swali likahamia kwa wagombea. Uhuru Kenyatta na William Ruto waliingia katika uchaguzi wa 2013 wakikabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia ambazo Tume ya Waki, iliyozichunguza, ilisema ziliua watu 1,133. Tarehe 15 Februari 2013 majaji watano wa Mahakama Kuu walisema hawakuwa na mamlaka ya kuamua juu ya ustahiki wa mgombea urais, kwa kuwa hilo ni la Mahakama ya Juu. Wapiga kura waliamua wenyewe tarehe 4 Machi. Mashtaka dhidi ya Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014 kwa kukosa ushahidi wa kutosha, na kesi ya Ruto ikakatizwa Aprili 2016 bila kutiwa hatiani wala kutangazwa hana hatia. Kwa hiyo wananchi walipiga kura bila hukumu yoyote mkononi. Walichokuwa nacho kwa wingi ni yale waliyoyasikia kwenye mikutano ya kampeni, ambako kila upande ulikuwa na sababu ya kuvuta ukweli upande wake.

Uchaguzi wa 2022 ulionyesha tatizo la wakati. Mike Sonko, aliyeondolewa na Seneti katika ugavana wa Nairobi tarehe 17 Desemba 2020, alitaka kuwania ugavana wa Mombasa. Mahakama ya Juu ilithibitisha kuondolewa kwake tarehe 15 Julai 2022, zikiwa zimebaki chini ya wiki nne kabla ya kura ya tarehe 9 Agosti. Huko Nairobi, shahada ya Johnson Sakaja, mgombea ugavana, ilizua malalamiko mwezi Juni 2022. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilikuwa imeitambua, kisha ikaubatilisha utambuzi huo, na mvutano ukafika mahakamani. Sakaja alibaki kwenye karatasi ya kura na akashinda. Mtu anaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu kesi hizo mbili, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba Julai ya mwaka wa uchaguzi ndio wakati mwafaka wa kujua kama mgombea amezuiwa, au Juni kujua kama cheti chake ni halali. Kabla ya uchaguzi huo pia, EACC iliikabidhi IEBC orodha ya wawaniaji 241 ambao ilisema wana dosari za uadilifu. Wengi wao waliidhinishwa.

Kesi za ufisadi nazo hazilingani na kalenda ya uchaguzi. Ferdinand Waititu alishtakiwa mwaka 2019 akiwa gavana wa Kiambu, na hukumu ya kumtia hatiani ilitolewa Februari 2025. Kati ya tarehe hizo ulipita uchaguzi mkuu mzima. Kwa kuwa sheria inataka rufaa zote zimalizike kwanza, mtuhumiwa mwenye mawakili wazuri anaweza kugombea mara mbili au tatu kabla ya neno la mwisho kutamkwa.

Kwa nini mahakama pekee haitoshi

Wapo wanaopendekeza dawa rahisi: kila aliyeshtakiwa azuiwe. Historia ya Kenya inaonya dhidi ya njia hiyo. Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria mwaka 1953 kifungo cha miaka saba pamoja na kazi ngumu, na miaka 10 baadaye akawa Waziri Mkuu. Raila Odinga alikamatwa mwaka 1982 na akakaa kizuizini bila kuhukumiwa hadi 1988. Mwaka 2008 naye akawa Waziri Mkuu. Koigi wa Wamwere alizuiliwa katika enzi ya Jomo Kenyatta na tena katika enzi ya Rais Moi, na wapiga kura wakamrudisha bungeni mwaka 2002. Katika kesi za Mwakenya, kundi la siri la upinzani, kuanzia 1986, watu waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, kisha wakapelekwa mahakamani kukiri. Nchi yenye kumbukumbu hiyo haiwezi kumpa mpelelezi au mwendesha mashtaka uwezo wa kumfuta mgombea kwa kumfungulia jalada tu. Serikali yoyote iliyo madarakani ingejua la kufanya na uwezo huo kila mwaka wa tano.

Kwa hiyo sharti la kumaliza rufaa lina hekima yake, sawa na haki ya kuhesabiwa huna hatia iliyomo katika Kifungu cha 50. Lakini sharti hilo linahusu kuzuiwa kugombea. Halisemi kwamba mpiga kura asijue. Mahakama inauliza kama hatia imethibitishwa pasipo shaka. Mpiga kura anauliza kama huyu ni mtu wa kuaminiwa, na swali lake halihitaji kusubiri Mahakama ya Rufaa. Makosa ya miaka mingi yametokana na kuyachanganya maswali hayo mawili. Mgombea anapoulizwa kuhusu zabuni iliyotolewa kinyume cha utaratibu, hujibu kwamba hajapatikana na hatia, na mjadala hufungwa hapo. Tume haihitaji sheria mpya ili iutenganishe wajibu wake wa kuidhinisha na wajibu wa kuhakikisha kwamba mpiga kura ana taarifa. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 tayari vinamtambua mwananchi kuwa na haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali.

Mambo yanayomhusu mpiga kura

Haki ya kujua haina maana ya kujua kila kitu. Kipimo kinachofaa ni uhusiano wa jambo lenyewe na ofisi inayoombwa. Kwa kipimo hicho, mambo ya aina tano ni ya umma hata kama yalitokea zamani na hata kama mhusika angependa yasahaulike.

La kwanza ni namna alivyoshughulikia fedha na mali za wengine: ofisi za umma alizoshika, vyama vya ushirika alivyoviongoza, kampuni alizopatia zabuni, mashamba ya umma yaliyoandikishwa kwa jina lake. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na kumbukumbu za mabunge ya kaunti zimejaa habari hizi, ila ni wachache wanaozifungua.

La pili ni ghasia na uchochezi. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 ilitungwa baada ya damu kumwagika. Mtu aliyepanda jukwaani akaiita jamii nzima kwa jina la kuidhalilisha, au aliyewalipa vijana wavuruge mkutano wa mpinzani, amekwisha kuonyesha atakavyotumia sauti na fedha akipewa zaidi.

La tatu ni ukweli wa nyaraka zake, yaani vyeti vya elimu, uraia, na historia ya kazi. Kosa hapa halipimwi kwa ukubwa wa shahada. Mtu asiye na shahada anaweza kuwa kiongozi bora kuliko mwenye tatu. Anayeghushi amedanganya watu anaotaka wamwamini.

La nne ni mgongano wa maslahi: madeni makubwa, biashara na serikali, jamaa walio katika ofisi za kutoa kandarasi. Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025 imelipa jambo hili uzito mpya kwa walio madarakani, na anayeomba madaraka naye hana sababu ya kuachwa nje.

La tano ni namna alivyowatendea walio chini yake. Aliyewanyima vibarua ujira wao, aliyemtaka kingono mfanyakazi wake, au aliyempiga mwenzi wake wa ndoa hawezi kusema hayo ni mambo ya nyumbani. Tangu Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015, hata kuta za nyumba hazimfichi mbele ya sheria.

Uzito wa jambo hilo la tano ulionekana wazi katika uteuzi wa viongozi wa Mahakama mwaka 2011. Katika mahojiano ya kutafuta Jaji Mkuu, yaliyofanyika hadharani kwa mara ya kwanza, Willy Mutunga aliulizwa kuhusu kipuli alichovaa sikioni. Kipuli hicho kilizungumzwa makanisani, redioni na bungeni, na maswali kuhusu ndoa na mwelekeo wake wa kimapenzi yakafuata. Mutunga alieleza kwamba kinahusiana na imani yake ya kiroho na kwamba hangekivua kwa ajili ya cheo. Aliapishwa, akaiongoza Mahakama hadi 2016, na kipuli hakikuathiri hata hukumu moja. Naibu wake, Nancy Baraza, alipita katika mahojiano ya mwaka huo huo. Tarehe 31 Desemba 2011, katika duka kubwa la kibiashara jijini Nairobi, alidaiwa kuupita ukaguzi wa usalama, kisha akamfinya pua mlinzi aliyemtaka akaguliwe kama wengine na kumtishia. Jopo lililochunguza tukio lilipendekeza aondolewe, naye akajiuzulu Oktoba 2012. Taifa lilikuwa limejadili pambo la sikioni kwa wiki nzima, ilhali lililokuja kuutikisa uongozi wa Mahakama lilikuwa jinsi mwenye cheo anavyomtendea mtu anayelipwa mshahara mdogo kusimama mlangoni.

Mambo yasiyomhusu

Mavazi, umbo, dini, kabila, hali ya ndoa na idadi ya watoto si vipimo vya uongozi. Katika siasa za Kenya mzigo wa maswali hayo huwaangukia wanawake zaidi. Mwanamume aliyeachana na mkewe huombwa sera. Mwanamke aliyeachika huombwa maelezo. Asiyeolewa huambiwa hana nyumba, na aliyeolewa katika jamii nyingine huambiwa akagombee kwa mumewe, kisha huko kwa mumewe huambiwa arudi kwao. Joyce Laboso alipowania ugavana wa Bomet mwaka 2017, wapinzani wake walilitumia kabila la mumewe kama hoja dhidi yake. Wapiga kura waliikataa hoja hiyo, naye akawa mmoja wa magavana watatu wa kwanza wanawake nchini. Mwaka 2022 walichaguliwa saba. Kila mmoja wao ilimlazimu kujibu maswali ambayo wapinzani wake wanaume hawakuulizwa, na haijulikani ni wangapi wenye uwezo walioacha kugombea kwa kuchelea kuanikwa.

Afya nayo ni ya mtu mwenyewe, isipokuwa pale ambapo ugonjwa unamfanya ashindwe kabisa kufanya kazi anayoiomba. Kuwa na shinikizo la damu, kuishi na virusi vya UKIMWI, au kuwahi kutibiwa msongo wa mawazo si sababu ya kumtangaza mtu hadharani, na kumtangaza huwafunza maelfu ya wengine waogope kwenda kupimwa. Watoto wa mgombea, wazazi wake na wenzi wake wa zamani hawakuomba kura. Picha za faragha zinazosambazwa ili kumwaibisha mtu ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, na aliyezisambaza ndiye anayepaswa kuulizwa kuhusu uadilifu wake.

Kupima jambo la zamani

Hata jambo linalohusu umma halina uzito ule ule miaka yote. Vigezo vinne husaidia kulipima. Kwanza, umri na wadhifa aliokuwa nao mhusika: mwanafunzi wa miaka 19 aliyerusha mawe katika mgomo wa chuo kikuu si sawa na waziri wa miaka 50 aliyetia sahihi malipo hewa. Pili, ukubwa wa madhara na walioumia. Tatu, kama kosa lilikuwa la mara moja au ni mwenendo. Nne, alichokifanya baadaye: kama alikiri, akarudisha, akaomba radhi kwa waliodhurika, au kama alikana, akatisha mashahidi na kununua ukimya. Kurudisha mali iliyochukuliwa ni ushahidi wa mabadiliko kuliko machozi ya jukwaani au mchango wa harambee.

Vigezo hivi vitahitajika zaidi mwaka 2027, kwa kuwa wagombea wengi vijana wamekulia kwenye Facebook na WhatsApp, na maneno yao ya ujana bado yanasomeka. Utani wa kijinga wa mwaka 2012 hauwezi kuchukuliwa sawa na mfululizo wa machapisho ya chuki yaliyoendelea hadi juzi. Vilevile, picha na sauti za kughushi zinatengenezwa leo kwa urahisi, na rekodi isiyo na chanzo kinachojulikana isihesabiwe kuwa ushahidi wa jambo lolote.

Njia ya kuchunguza

Uchunguzi halali huanza kwenye nyaraka: hukumu za mahakama, ripoti za ukaguzi, rejista za kampuni na ardhi, kumbukumbu rasmi za Bunge. Humpa mhusika nafasi ya kujibu kabla ya habari kutoka, na humtaja shahidi inapowezekana bila kumhatarisha. Kanuni za maadili zilizo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zinadai usahihi, haki ya kujibu na heshima kwa faragha. Mwandishi anayezifuata anastahili kulindwa. Mahakama Kuu ilisaidia tarehe 6 Februari 2017 ilipoondoa kosa la jinai la kukashifu katika Kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, ili mtu asifungwe kwa kuandika kuhusu mwenye madaraka. Njia ya madai imebaki kwa aliyesingiziwa, na ni haki yake.

Kinyume chake ni uvumi wa kununuliwa, unaotolewa siku tatu kabla ya kura ili usijibiwe. Uvumi huo humwumiza asiye na kosa, na humnufaisha mwenye kosa pia, kwa kuwa mahali penye uongo mwingi hata ukweli unaomhusu huitwa propaganda. Taarifa rasmi iliyotolewa mapema ndiyo kinga pekee dhidi ya hali hiyo, na mwenye uwezo wa kuitoa ni Tume.

Tume inaombwa

Kwa misingi hiyo, Tume inaombwa kuchukua hatua sita kabla ya uteuzi wa wagombea wa 2027.

1. Kuchapisha fomu za kutangaza uadilifu za wagombea wote wa viti vyote, zikiwa zimeondolewa namba za kitambulisho, simu, anwani za makazi na taarifa za watoto, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka.

2. Kuzipokea fomu hizo mapema, wakati vyama vinapojiandaa kwa mchujo, ili EACC, vyuo vikuu na polisi wapate muda wa kulinganisha majibu na kumbukumbu zao. Mwaka 2022 uteuzi ulifanyika mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, na wiki tisa hivi zilizobaki hazikutosha kwa malalamiko, mahakama na rufaa.

3. Kuweka bayana tofauti kati ya aliyezuiwa kisheria na mwenye jambo ambalo halijaamuliwa. Kwa huyu wa pili, Tume itaje mahakama, namba ya kesi, hatua iliyofikiwa na maelezo ya mgombea mwenyewe, bila neno la kumhukumu.

4. Kuitaka EACC, inapopeleka orodha ya wenye dosari, iambatishe sababu na ushahidi kwa kila jina, na kumjulisha mhusika ili ajibu. Orodha isiyo na sababu haimsaidii mpiga kura, na ni silaha mikononi mwa wapinzani.

5. Kuyatupa mapema malalamiko yanayohusu ndoa, kabila, dini, maumbile au afya ya mgombea, yasiyogusa sharti lolote la sheria, ili Kamati yake ya Kutatua Mizozo itumie siku zake 10 kwa yenye uzito.

6. Kuandaa muhtasari wa kila mgombea kwa Kiswahili na Kiingereza, ukabandikwa katika ofisi za wadi na kusomwa katika redio za jamii, kwa kuwa mpiga kura asiye na intaneti ana haki sawa na mwenye nayo.

Vyama vya siasa vinaombwa kutumia vigezo hivi hivi katika michujo yao, kwani ndivyo vinavyowapokea wawaniaji kwanza na vinawajua kuliko Tume. Wahariri wanaombwa kuanza kuchimbua nyaraka sasa, wangali na muda wa kuthibitisha. Wagombea wenye mambo ya zamani yanayohusu umma wanaombwa kuyaeleza wenyewe, kwa ukamilifu na kwa ushahidi, kabla hayajaelezwa na wengine.

Hatua hizi hazimwondoi mtu yeyote kwenye karatasi ya kura bila mahakama, wala hazimlazimishi yeyote kuanika ya chumbani kwake. Zinamhakikishia mpiga kura kwamba tarehe 10 Agosti 2027, atakapoingia katika kituo chake, atakuwa amesoma au kusikia mgombea alivyozitunza amana alizokabidhiwa awali, na ataamua akiwa anajua.